Rhapta kwa fundi wa kushona: jibu kwa mwalimu wa Pangani anayetaka kwenda kusoma Kigiriki

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya sekondari, Pangani. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi habari za Rhapta, ule mji wa kale wa biashara kwenye pwani yetu, na ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza ulioandikwa kwa Kigiriki, Periplus, na kila mwaka naona uchungu kwamba ninachosoma ni tafsiri tu. Nimeona kuna kozi za kiangazi Ugiriki, wiki nne hivi, zinazofundisha lugha, historia na utamaduni kwa pamoja. Nina miaka 41 na sijui hata herufi moja. Je, nijikamue niende? Na Kigiriki cha leo kitanisaidiaje kusoma cha miaka elfu mbili iliyopita?"

Mwalimu, nenda. Lakini usiende kabla hujazijua herufi zote 24 na kuweza kusoma kwa sauti hata usichokielewa, na usiende ukitumaini kurudi Pangani na Periplus kichwani. Wiki nne ni wiki nne. Darasa la saa tatu au nne kwa siku, kwa mtu anayeanza sifuri, litakurudisha nyumbani ukiweza kusoma kibao cha duka, kununua nyanya na kujibu swali la muuza nyanya, kuuliza njia na kuelewa robo ya jibu. Kuyasoma maandishi ya yule baharia kutakuchukua miaka miwili mingine, jioni kwa jioni, kamusi pembeni. Nakuambia mapema kwa sababu nimewaona watu wakirudi wamekata tamaa, na kozi yenyewe haikuwa na kosa. Waliidai kisichowezekana.

Kiangazi changu cha kwanza Thessaloniki, mkanda wa begi langu ulikatika. Mama mwenye nyumba akautazama, akaniambia: píyene ston ráfti. Nikamuuliza ráftis ni nani. Akachora hewani sindano na uzi. Fundi wa kushona. Nilibaki nimesimama mlangoni na begi mkononi. Jina la Rhapta nilikuwa nalo tangu sekondari, na kwangu lilikuwa jina tu kwenye ramani, halina baba wala mama. Kumbe ni neno la kazi, bado linatumika, na fundi mwenyewe alikuwa mtaa wa pili. Mwandishi wa Periplus anaeleza wazi kwamba mahali pale paliitwa hivyo kwa sababu ya raptá pliária, vyombo vilivyoshonwa: mbao zilizofungwa kwa kamba bila misumari, kama mitepe ya Lamu. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo kwenye tafsiri mara nyingi, ikapita. Siku ile ndiyo niliisikia.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Kigiriki cha leo hakikuzaliwa baada ya kile cha kale kufa. Ni lugha ile ile, imebadilika sauti na sarufi njiani, na imeandikwa kwa zaidi ya miaka 3,000. Maandishi yake ya mwanzo kabisa ni yale ya vibao vya udongo vya Knossos na Pylos, ambayo Michael Ventris aliyafumbua mwaka 1952. Mabadiliko mengi yana kanuni, na ukiishika kanuni moja unapata maneno kumi. Kwa mfano, penye pt ya kale, mdomo wa leo mara nyingi husema ft. Penye kt husema kht. Saba ilikuwa heptá, leo ni eftá. Nane ilikuwa októ, leo okhtó. Mwizi alikuwa kléptes, leo kléftis. Kwa njia hiyo hiyo mshonaji wa kale amekuwa ráftis. Chombo cha baharini ni plío, utaliona neno hilo kila mahali bandarini Piraeus. Bahari ni thálassa, kisiwa ni nisí. Bahari ya Shamu bado wanaiita Erithrá Thálassa, jina lile lile lililo kwenye kichwa cha Periplus, ingawa rangi nyekundu ya shati au nyanya sasa wanaiita kókkino.

Lakini jihadhari na maneno yaliyobaki na sura na kubadilika moyo. Katika sehemu ya 16, baharia anasema manahodha wa Kiarabu waliokwenda Rhapta walikuwa wameoa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Neno analolitumia kwa "lugha" ni foní. Leo foní ni sauti ya mtu. Ukilitafsiri kwa Kigiriki cha mtaani, utapata manahodha wanaozijua sauti za watu wa pwani, picha nzuri sana, lakini si alichosema. Kwa hiyo Kigiriki cha sasa ni mlango. Ukishaingia, bado utahitaji kamusi ya Kigiriki cha kale na mwalimu wa kukushika mkono.

Kuhusu umri na hofu ya herufi, niamini: mdomo wako uko tayari kuliko unavyodhani. Irabu za Kigiriki cha leo ni tano, a, e, i, o, u, karibu sawa na zetu. Wanafunzi wenzangu kutoka Ujerumani na Marekani walihangaika wiki nzima na sauti ya gh. Mimi nilikuwa nayo tangu utotoni, kwenye ghali na ghafla. Kwa Wagiriki, ghála ni maziwa. Dh ya dhahabu ipo: kumi ni dhéka. Th ya thelathini ipo. Kh anayoitamka mtu wa pwani katika kheri ipo pia, na neno khéri lenyewe utalikuta, lina maana ya mkono, ingawa mbele ya e na i wanailainisha. Kitendo kinabeba mtendaji ndani yake kama chetu: ghráfo ni naandika, ghráfis ni unaandika, hakuna haja ya kusema "mimi" wala "wewe". Tofauti ni kwamba sisi tunamweka mtendaji mbele, wao wanamweka mkiani. Majina yamegawanyika makundi matatu, na kivumishi lazima kifuate: o kalós fílos, i kalí fíli, to kaló pedhí. Kwa mtu aliyezoea mtoto mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri, hilo si jambo la kumtoa jasho. Makundi matatu, Mwalimu, sisi ngeli zetu ni ngapi?

Yatakayokutoa jasho ni mawili. Kwanza, konsonanti zinazobanana. Sisi tunapenda silabi iishie kwenye irabu, na ulimi utataka kuchomeka i kila mahali: psomí, mkate, litakutoka "pisomi", fthinóporo, majira ya vuli, litakushinda kwa siku kadhaa. Lisemee kioo, polepole, mpaka likubali. Pili, mkazo. Kwetu karibu kila neno linakazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatuufikirii. Kwao unahama na unabadili maana: póte ni lini, poté ni kamwe. Tunayo mifano michache, barabára ya magari na barábara ya kukubali jambo, lakini kwao ni kila neno. Bahati nzuri huandikwa juu ya irabu, alama moja tu. Kabla ya 1982 zilikuwa alama kadhaa, za mkazo na za pumzi, na katika matini za kale bado zipo. Usizihofu, nyingi hazibadilishi namna utakavyotamka.

Maneno mengine utagundua unayo tayari. Karatasi, kalamu, kanuni, falsafa na askofu yote yalianzia kwa Wagiriki, yakapita kwa Waarabu, yakatufikia. Karatasi kwao ni khartí. Na lipo neno moja ambalo hatukuazima lakini tunalielewa kuliko wengi: ksénos. Katika Kigiriki cha kale ksénos alikuwa mtu wa nje usiyemjua, na huyo huyo alikuwa mgeni unayempokea nyumbani na kumlisha. Walimu wa Ulaya huhitaji maelezo marefu kueleza jinsi neno moja linavyobeba yote mawili. Mswahili husema "mgeni" na amemaliza. Darasani niliposema kwetu kuna methali "mgeni njoo, mwenyeji apone", mwalimu wetu aliiandika ubaoni kwa herufi zao, na somo zima la siku hiyo likageukia hapo.

Jambo moja litakuchanganya mtaani, na mimi nalipenda kuliko yote. Utamsikia mtu akisema psári, samaki, halafu utaona kibao cha duka lile lile kimeandikwa ikhthiopolío. Atasema psomí, mkate, na kibao cha mwokaji kinasema artopiío. Maneno ya vibao ni ya kale: ikhthís ni samaki wa Wagiriki wa zamani, ártos ni mkate wao. Kwa zaidi ya karne moja dola ya Ugiriki iliandika kwa lugha iliyosafishwa ifanane na ya kale, katharévusa, huku watu nyumbani wakisema dhimotikí. Walibishana kwa ukali, hata damu ilimwagika Athens mwaka 1901 kwa sababu ya Injili kutafsiriwa katika lugha ya watu. Mwaka 1976 dhimotikí ikapewa shule na serikali. Lakini vibao vilibaki. Kwa hiyo wewe unayetaka ya kale, tembea ukisoma maduka. Beba daftari. Kila kibao kilichokataa kufanana na neno la mdomoni ni neno la kamusi yako ya Periplus.

Sasa wapi. Wengi watakuambia Athens, na Athens haina ubaya: Akropoli, Jumba la Taifa la Makumbusho ya Akiolojia, bandari ya Piraeus, na mwisho wa wiki wakati wa kiangazi tamthilia za kale zinachezwa usiku katika ukumbi wa mawe wa Epidaurus. Kituo cha kufundisha Kigiriki cha Chuo Kikuu cha Athens hutoa kozi za kiangazi. Lakini kwa mwalimu wa historia ningesema Thessaloniki, bila kusita. Huko kuna shule ya Kigiriki cha kisasa ya Chuo Kikuu cha Aristotle, na pia Taasisi ya Masomo ya Balkani, ambayo programu yake ya kiangazi imejengwa hasa juu ya mambo matatu uliyoyataja, lugha, historia na utamaduni.

Sababu yangu ni hii. Programu nyingi husimulia historia ya Ugiriki kana kwamba ilikoma Alexander alipokufa mwaka 323 KK, ikalala, ikaamka mapinduzi ya 1821 dhidi ya Waothmani. Thessaloniki haikuruhusu uongo huo, maana kila kitu kimesimama wazi njiani. Mji ulianzishwa na Kassandros, mtawala wa Makedonia, mwaka 315 KK hivi. Rotunda, jengo la mviringo la mfalme wa Kirumi Galerius, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya nne, likawa kanisa, likawa msikiti, na mnara wake wa adhana bado umesimama nje. Waothmani waliutawala mji kuanzia 1430 hadi 1912. Atatürk, mwanzilishi wa Uturuki ya leo, alizaliwa hapo mwaka 1881, nyumba ni makumbusho. Walipochimba njia za treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa Novemba 2024, walikuta barabara ya mawe ya zama za Warumi na Bizanti, na leo unaiona ndani ya kituo cha Venizelou ukienda zako. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu kwa dini zao: zaidi ya milioni moja walihamia Ugiriki, Waislamu kama laki nne wakapelekwa Uturuki, wengi wao wakiwa hawajui lugha ya nchi walikoambiwa ndiyo yao. Familia nyingi za Thessaloniki zinatokana na wakimbizi hao. Muulize mwenyeji wako bibi yake alizaliwa wapi, kisha nyamaza usikilize.

Na kuna hili, ambalo sikuambiwa darasani, nililijua baadaye. Kwa karne kadhaa Thessaloniki ilikuwa mji wenye Wayahudi wengi kuliko karibu mji wowote wa eneo lile, waliotoka Hispania baada ya kufukuzwa mwaka 1492, wakisema Kihispania chao cha zamani. Makaburi yao makubwa yalivunjwa mwaka 1942 chini ya utawala wa Wajerumani, na mwaka uliofuata zaidi ya watu 40,000 wakasafirishwa kwa treni hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Chuo kikuu cha leo kimesimama juu ya makaburi hayo. Kuna mnara wa kumbukumbu pale chuoni tangu 2014. Nilikuwa nimesoma wiki mbili nzima juu ya ardhi ile nikikariri vitenzi. Ukifika, anza na mnara huo kabla ya somo la kwanza.

Kwa hiyo unapowaandikia watu wa programu, usiulize kwanza habari za ufuko wa bahari. Uliza historia yao inafundisha karne zipi, na nani anaifundisha. Uliza kama wanapima kiwango chako kabla ya kukupanga darasa, maana kuna mahali nilipowahi kuwekwa na watu waliosoma mwaka mzima, nikapoteza wiki. Uliza darasa lina watu wangapi. Wakizidi 15, utakuwa msikilizaji tu. Uliza kama ziara ya Vergina imo, kama kilomita 70 kutoka mjini, ambako Manolis Andronikos alifukua makaburi ya wafalme wa Makedonia mwaka 1977. Na uliza mapema kama kuna nafuu ya ada kwa walimu au kwa watu wa Afrika, kwa sababu nafasi hizo huisha miezi kabla ya kiangazi.

Karatasi za safari zisikuchoshe, ila zianze mapema. Kozi ya wiki nne inahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inayoruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Wewe usingoje hizo siku 15. Anza kwa kuwauliza ubalozi wa Ugiriki ulioko Nairobi ombi lako litapokelewa wapi. Barua ya kukubaliwa na kozi ndiyo nguzo ya ombi zima, pamoja na taarifa ya benki na barua ya mwajiri inayosema unarudi kazini. Ukiwa mtumishi wa umma, kibali cha kusafiri nje nacho kina foleni yake. Likizo yenu ya katikati ya mwaka na kozi nyingi za Julai na Agosti hazilingani sawasawa, kwa hiyo zungumza na mkuu wa shule kabla hujalipa chochote.

Ukifika huko, saa za mchana, baada ya chakula hadi jioni, mtaa hulala. Usipige simu wala usigonge mlango. Joto la Julai ni kavu, si hili letu la unyevu, na hulisikii mpaka limekuangusha. Kunywa maji hata usipoona kiu. Ne ni ndiyo. Hapana ni ókhi, na mara nyingi hulisikii hata hilo: mtu huinua kichwa na nyusi, ulimi unatoa ts. Usidhani amekusonya. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Mama wa Yesu, karibu kila kitu hufungwa. Nunua chakula chako jana yake.

Jumapili nenda kanisani, hata kama dini yako ni nyingine, ukae nyuma kimya. Makanisa ya Ugiriki husoma Injili kwa maneno yake ya asili ya karne ya kwanza. Hicho ni Kigiriki cha zama zile zile za Periplus, kikisomwa kwa matamshi ya leo, bure, kila wiki. Hakuna mahali pengine utakakokisikia hivyo kikitoka mdomoni mwa watu waliokizoea. Na huku nyumbani, kabla ya kuondoka, tafuta mapadre wa Kiothodoksi waliosomea Athens au Thessaloniki. Wapo Nairobi, Kampala, Bukoba na Mwanza, na wengi hufurahi mtu akiwaomba wasome naye ukurasa mmoja. Hati yenyewe ya Periplus haiko Ugiriki. Nakala kuu, ya karne ya tisa au ya kumi, iko maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, na picha zake zinatazamwa bure kwenye intaneti. Zifungue leo. Hutasoma kitu, lakini ukishazijua herufi, utarudi kila mwezi na kila mwezi utatambua neno jingine.

Ombi la mwisho. Wapo wanaoitafuta Rhapta karibu na kwenu Pangani, wapo wanaoielekeza delta ya Rufiji, na mpaka leo haijapatikana. Lakini sehemu ya 15, kabla baharia hajafika Rhapta, anasimama kwenye kisiwa anachokiita Menouthias na kueleza jinsi wenyeji wanavyovua: kwa vikapu vilivyosukwa, vinavyotegwa penye midomo ya njia za maji kati ya miamba. Mwalimu wangu alipofika hapo alisita, akasema hajui vizuri ni chombo gani. Mimi nilijua, ila sikuwa na namna ya kumwonyesha. Wewe nenda ufukweni asubuhi moja, piga picha ya dema likitoka majini, lenye samaki ndani, na uibebe.